Nani Aliyetengeneza Karabai?

Kama nyumbani bado mnayo koroboi, igeuze uitazame vizuri. Nyingi nilizowahi kuzishika huku Tanga zina maandishi ubavuni au chini ya kitako, nusu yamefutika kwa moshi na nusu yanasomeka: Blue Band, Kimbo, maziwa ya unga, dawa ya mbu. Hiyo ni rangi ya kopo lililozaa taa. Kampuni iliyouza siagi imebaki na jina lake pale mpaka leo. Fundi aliyelikata kopo, akalikunja, akalilehemu, akalitia mdomo wa utambi na mkono wa kushikia, hana hata herufi moja.

Sasa chukua karabai, ile taa ya pampu iliyokuwa ikiwekwa kwenye maulidi, kwenye harusi za kijijini na kwenye mitumbwi ya dagaa. Hapo jina lipo, limegongwa kwenye tangi la shaba ili lisifutike: Petromax. Tumelizoea kama tulivyozoea majina ya baiskeli na cherehani, hata hatuulizi ni la nani.

Mimi niliuliza. Nilichokikuta nyuma ya jina lile ni fundi bati. Si profesa wala mhandisi wa chuo kikuu, ni mtu wa mkasi, nyundo na lehemu, kazi ile ile ya mafundi wetu. Tangu hapo swali limenikaa: kwa nini fundi bati mmoja akawa kiwanda, na mwingine akabaki kivulini mwa mwembe na makopo ya watu?

Hadithi inaanza kabla ya Petromax. Mwaka 1853, katika mji wa Lviv, leo uko Ukraine, wakati huo ulikuwa chini ya Dola ya Austria, mfamasia mmoja aitwaye Ignacy Łukasiewicz alikuwa ameshapata njia ya kuchuja mafuta ya ardhini yakawa safi ya kutosha kuwashwa. Lakini mafuta bila taa ni mafuta tu. Taa za wakati ule zilikuwa za mafuta mazito ya wanyama na mimea, na mafuta haya mapya yalikuwa mepesi, yanawaka haraka, ukikosea yanakulipukia. Mfamasia akaenda kwa fundi bati wa mjini, Adam Bratkowski. Ndiye aliyeitengeneza taa yenyewe. Usiku wa tarehe 31 Julai 1853 taa za namna hiyo zilitumika katika hospitali ya Lviv, daktari akampasua mgonjwa ambaye hakuweza kusubiri kuche.

Leo Łukasiewicz ana sanamu na makumbusho. Bratkowski anatajwa kwa nusu sentensi, na mara nyingi baada ya mkato: "akisaidiwa na fundi bati". Naomba mkumbuke hiyo nusu sentensi, tutaihitaji tena huko mbele.

Miaka sita baadaye, mwaka 1859, Edwin Drake alichimba kisima chake cha mafuta Titusville, Pennsylvania, na bei ya mafuta ya taa ikaanza kushuka. Kila mji wa Ulaya ukataka taa. Ndipo mwaka 1866, jijini Berlin, fundi bati Albert Graetz aliposhikana mkono na mfanyabiashara Emil Ehrich, wakafungua karakana ya taa wakaiita Ehrich & Graetz.

Hapa nataka tutulie kidogo, maana habari yote imo humu. Wanapoandika historia za viwanda watu hupenda kusema fundi fulani alikuwa na kipaji, akajituma, akafanikiwa. Sina shaka Graetz alikuwa hodari. Lakini Berlin ya 1866 ilikuwa na mafundi bati wengi hodari. Alichokuwa nacho yeye ni Ehrich. Mmoja alijua bati, mwenzake alijua soko, mkopo, hesabu na wateja wa mbali. Jina la kampuni linasema wazi, tena mwenye biashara ametangulia: Ehrich, halafu Graetz. Kufikia mwisho wa miaka ya 1880 kampuni ilikuwa imeingia mikononi mwa watoto wa Graetz, na baadaye ikahamia kwenye majengo makubwa ya kiwanda huko Treptow, kando ya Berlin. Fundi alikuwa ameshakuwa ukoo wa viwanda.

Wakati huo huo Mwaustria mwingine, Carl Auer von Welsbach, alikuwa amegundua kitu cha ajabu. Mwaka 1885 alipata hataza ya kifuko cha uzi kilicholoweshwa chumvi za madini fulani. Ukikichoma, uzi unateketea na kubaki jivu jeupe lenye umbo la kifuko, na jivu hilo likipata moto linang'aa kuliko moto wenyewe. Mwaka 1891 akapata mchanganyiko uliotawala soko: karibu asilimia 99 oksidi ya thoriamu na asilimia 1 ya seriamu. Mwanzoni vifuko hivi vilikuwa vya taa za gesi za mijini. Max Graetz, mtoto wa fundi, aliyezaliwa mwaka 1861, akafanya kazi ya kukileta kifuko hiki kwenye mafuta ya taa, ili mtu asiye na bomba la gesi naye apate mwanga ule. Mnamo mwaka 1910 hivi ikatoka taa ya pampu. Inasemekana wenzake walikuwa wakimtania kwa jina la Petroleum-Maxe, na hapo ndipo lilipotoka jina Petromax: mafuta na Max.

Mmeona kilichotokea? Hata kule Berlin, hata kwenye ukoo uliofanikiwa, jina lililobaki kwenye taa ni la mtoto aliyerithi kiwanda. Albert, yule aliyeunguza vidole kwa lehemu, hayumo.

Kwa msomaji aliyezaliwa na umeme, acha nieleze taa yenyewe inavyofanya kazi. Nilipokuwa mdogo Pangani, karabai ya maulidi ilikuwa na mtu wake, na sisi watoto tulikatazwa kuisogelea. Kwanza anamimina spiriti kwenye kikombe kidogo na kuiwasha, ili ule mrija wa juu upate moto. Halafu anapiga pampu, hewa inasukuma mafuta kutoka kwenye tangi. Mafuta yakipita kwenye mrija wa moto yanageuka mvuke, mvuke unatoka kwenye tundu dogo kama la sindano, unachanganyika na hewa na kuingia kwenye kifuko. Kunatokea mlio wa kuvuma, shhhhh, kisha mwanga mweupe unaoumiza macho. Modeli kubwa iliyojulikana zaidi ilipimwa kwa mwanga wa mishumaa 500. Mtu akitingisha meza kwa nguvu, kifuko kinapukutika, na kasida inasubiri kingine kifungwe.

Neno letu "karabai" halikutoka Berlin. Linasikika zaidi kama kabaidi, madini ya zile taa za asetilini. Watu wa pwani hawakumwita Max. Walitazama kitu kinachovuma na kung'aa wakakipa jina walilokuwa nalo mdomoni.

Tukirudi huku kwetu, mafuta ya taa yalipofika pwani yalikuta taa za mafuta ya nazi na ufuta. Yalikuja na kitu cha pili ambacho kwa maoni yangu kilibadilisha maisha ya mafundi kuliko mafuta yenyewe: debe. Mafuta ya Marekani yalisafirishwa duniani katika makopo ya bati ya galoni 5 za Kimarekani, karibu lita 19, mawili mawili ndani ya kasha la mbao. Mafuta yakiisha, kopo linabaki. Sisi tumelifanya kipimo mpaka leo, debe la mahindi, debe la maji, debe la chokaa, na wengi wetu hatukumbuki kwamba kipimo hiki kilikuwa kopo la mafuta. Kwa fundi bati lilikuwa malighafi ya bure au ya bei poa. Kutoka humo zikatoka ndoo, vikombe vya kuchotea, mapaa, milango, na koroboi. Fikiria: kampuni ya mafuta ilileta mafuta na, bila kukusudia, ikaleta bati la kutengenezea taa ya kuyachoma.

Wajerumani nao walikuwa hapa. Meli za Deutsche Ost-Afrika Linie, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1890, ziliiunganisha Tanga na Hamburg. Mwaka 1893 ujenzi wa reli ya Usambara ulianza kutoka Tanga. Mwaka huo huo Richard Hindorf aliingiza mkonge kutoka Florida, na miche 62 iliyonusurika ndiyo iliyozaa mashamba yote yale. Kwa hiyo bandari ilikuwepo, reli ilikuwepo, mafuta yalikuwepo, bati lilikuwepo, mafundi walikuwepo, na wateja hawakukosekana, maana giza lilikuwa la kila mtu. Kama suala ni kipaji na mahitaji peke yake, Tanga ingestahili kuwa na Ehrich & Graetz wake.

Kilichokosekana ni Ehrich. Tena hakukosekana kwa bahati mbaya.

Chini ya Waingereza, Tanganyika ilikuwa na sheria za miaka ya 1920 na 1930 za kuzuia mikopo kwa "wenyeji". Maana yake kwa lugha rahisi ni hii: mfanyabiashara akimkopesha Mwafrika bila idhini ya maandishi ya ofisa wa serikali, mahakama haitamsaidia kudai deni lake. Walisema ni ya kumlinda Mwafrika asinyonywe na wenye maduka. Labda kuna aliyelindwa. Lakini mtazame fundi bati wa Ngamiani au Pangani anayetaka mashine ya kukunjia bati, au madebe mia mbili kwa mpigo. Mwenye duka anayemfahamu, anayejua taa zake zinauzika, hawezi kumkopesha kwa usalama. Hawezi kuwa Ehrich wake. Wanabaki muuzaji na mteja, kopo kwa kopo, siku kwa siku. Graetz angetengeneza taa ngapi kwa utaratibu huo?

Na umeme? Huo nao una habari yake. TANESCO iliundwa mwaka 1931, na maji ya mto Pangani yakaanza kuzungusha mitambo kwa ajili ya mji wa Tanga na mashamba ya mkonge. Baada ya uhuru kikaja kituo cha Hale, mwaka 1964, megawati 21, na mwaka 1995 kituo kipya cha Pangani Falls, megawati 68. Nyaya zilipita juu ya vijiji ambavyo usiku viliwasha koroboi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007 tu. Kwa hiyo kwa miongo mingi, kijiji kilichokuwa karibu kabisa na chanzo cha umeme kilipata mwanga wake kwa fundi bati. Serikali tatu zilipita, naye ndiye aliyekuwa shirika la umeme la watu wengi wa mkoa huu. Sijaona popote alipopewa shukrani hiyo.

Sitaki kuipamba koroboi. Inatoa moshi mbaya, imeharibu macho na vifua, imechoma vyandarua na nyumba za makuti, na watoto wameungua. Fundi mwenyewe anajua. Nilimuuliza mmoja hapa mjini, mzee wa makamo, kwa nini hakuwahi kugonga jina lake kwenye taa zake. Baada ya shikamoo na marahaba alicheka sana. Kwake swali lilikuwa la kitoto: mtu anagonga jina kwenye kitu atakachouza kwa mtu asiyemjua, na yeye wateja wake wote wanamjua, ikivuja wanamrudishia mlangoni.

Jibu lile limenisaidia kuliko vitabu. Jina kwenye bati ni kazi ya umbali. Petromax ilihitaji jina kwa sababu ilitoka Berlin ikaenda kwa watu ambao hawangeweza kumrudishia Max mlangoni. Fundi wetu alinyimwa umbali, ndiyo maana hakuhitaji jina, na kwa sababu hana jina historia haina pa kumshikia.

Kuna aliyejaribu. Kenneth King alichapisha mwaka 1977 kitabu The African Artisan, juu ya mafundi wa Kenya wanaofanya kazi juani na kwenye vyuma chakavu, na mwaka 1996 akatoa Jua Kali Kenya, baada ya kuwarudia kuona wamefika wapi. Huku kwetu serikali iliunda SIDO mwaka 1973, ili viwanda vidogo vipate mahali pa kuanzia. Lilikuwa wazo zuri, na wapo walioinuka. Lakini kufikia hapo karabai na kandili za Kichina, zenye nembo ya nanga au ya kipepeo, zilikuwa zimejaa madukani, na fundi alikuwa anashindana na kiwanda kilichoanza mbio mapema.

Nako Ujerumani, kiwanda hakikumalizikia kwenye heri. Max alifariki mwaka 1937. Kampuni ilikuwa imeshaingia kwenye redio, na vita vya pili vilipokuja kiwanda cha Treptow kilifanyia kazi jeshi, kikitumia watu waliolazimishwa kufanya kazi. Baada ya vita majengo ya Berlin yaliangukia upande wa mashariki na kutaifishwa. Ukoo ukaanza upya magharibi, mjini Altena, ukitengeneza redio na televisheni, hadi mwaka 1961 uliponunuliwa na kampuni kubwa zaidi. Namaanisha kwamba kuwa kiwanda si pepo. Karakana ikikua, mikono inaongezeka, na mwenye jina huacha kuiona. Hata hivyo wao wana haki ya kuulizwa maswali hayo, kwa sababu wana jina. Fundi wa Ngamiani hatuwezi hata kumlaumu.

Wasomaji wa fasihi watanielewa nikisema hili ni tatizo la wasifu. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, mwaka 1909, aliandika Wasifu wa Siti binti Saad. Tunakisifu kitabu kile kwa lugha yake, lakini ujasiri wake ni chaguo la mtu: binti wa Fumba kutoka nyumba ya wafinyanzi, aliyetembeza vyungu kabla ya sauti yake kufika kwenye santuri za Bombay mwaka 1928. Shaaban aliona maisha hayo yanastahili kitabu. Tangu hapo tumeandika wasifu wa marais, wanajeshi, masheikh na wanamuziki. Wasifu wa fundi bado tunausubiri. Tunaandika juu ya taa kama sitiari, mashairi yetu yamejaa taa na mishumaa inayojiteketeza, lakini aliyeikata ile taa hatumwandiki.

Na muda unatukimbia. Nenda Deep Sea, Sahare, Kigombe au Kipumbwi wakati wa giza, mwezi ukiwa haupo. Wavuvi wa dagaa wanatoka jioni na taa zao, maana dagaa hufuata mwanga, na usiku ukitazama baharini utadhani kuna mji. Zamani mji ule ulikuwa unavuma, karabai tupu. Siku hizi ni balbu za LED na betri, na kijijini taa za sola zimeshaisukuma koroboi pembeni. Hakuna wa kuililia, afya za watoto ni bora hivyo. Ila mafundi waliozitengeneza ni wazee sasa, na vijana wao wanafanya madirisha ya aluminiamu.

Ombi langu kwa mnaosoma hapa ni dogo. Kila mtaa wa pwani hii una fundi bati aliyewawashia watu taa. Kamuulize alijifunza kwa nani, na huyo alijifunza kwa nani, bati alilipata wapi, nani alimkopesha na nani alimkatalia. Andika, na anza na jina lake kamili, la baba na la babu.